Maneno Matano kwenye Kibao

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Jina lina maneno matano: nomino tatu na viunganishi viwili. Nchi yetu ina zaidi ya vyuo 50 vya jina hili. Kisarawe kuna kimoja, na Kibaha kuna kingine ambacho ni sehemu ya Shirika la Elimu Kibaha. Wanaoishi jirani navyo hawana muda wa kulitamka jina lote. Husema "FDC", herufi za jina lake la Kiingereza, au husema "kule kwa mafundi", kisha mazungumzo yanahamia kwenye mambo mengine.

Wahakiki wetu husoma mashairi, riwaya, na siku hizi hata mashairi ya singeli. Mimi nataka kusoma kibao. Naamini maneno haya matano ni kati ya maandishi ya kijasiri zaidi ambayo Serikali ya Tanzania imewahi kuyasimamisha kando ya barabara, na kwamba kama taifa tumeyasoma vibaya kwa muda mrefu. Usomaji huo mbaya una watu waliolipia gharama yake. Baadhi yao nimekula nao sahani moja.

Tuanze na neno la kwanza. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, chuo ni kitabu. Kamusi kongwe zimelirekodi hivyo, na ndiyo maana aliyezama katika elimu ya dini tunamwita mwanachuoni, mtu wa vitabu. Kutoka kwenye kitabu, neno likahamia mahali kinaposomewa. Mtoto alipelekwa chuoni, akakaa mkekani na ubao wake, akaanza na alifu. Katika vijiji vingi vya Uzaramo chuo cha namna hiyo kilitangulia shule ya Serikali. Mzazi hakuuliza mwanawe amekuwa wa ngapi. Aliuliza amefika juzuu ya ngapi.

Kulikuwa na mafunzo mengine ambayo hayakuitwa chuo lakini yalifanya kazi ya chuo. Binti wa Kizaramo alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na kungwi, kisha akatolewa kwa ngoma mbele ya kijiji kizima. Mengi yaliyofundishwa humo tunayabishia leo, na tuna haki ya kuyabishia. Hata hivyo, mfumo ule ulikuwa na jambo ambalo shule ya kisasa haina: hakuna mwali aliyeambiwa kwamba amefeli, kwa hiyo abaki ndani wenzake wakitolewa.

Kisha ikaja shule ya kuchagua. Walutheri walijenga misheni Maneromango. Waanglikana wakahamishia Minaki, katika miaka ya 1920, chuo chao cha St Andrew's kilichokuwa Kiungani, Zanzibar. Hapo wakasomeshwa walimu na makarani wa nchi, nao walikuwa wachache. Chuo kikawa mlango mwembamba, na thamani yake ikapimwa kwa idadi ya waliobaki nje. Maana hii ya pili ndiyo iliyoshinda. Mzazi wa leo akisema "mwanangu yuko chuo", hakuna anayefikiria mkeka.

Ukitaka kuona maana hizo mbili zikiishi uwanja mmoja, nenda Kibaha, kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika pamoja na Denmark, Finland, Norway na Sweden walianzisha hapo mradi mkubwa wa elimu uliojulikana kama Mradi wa Tanganyika na Nordiki. Siasa ya wakati ule ilikuwa na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na mradi uliwajibu kwa majengo. Kwa ujinga ilijengwa sekondari, kwa maradhi kituo cha afya, kwa umaskini kituo cha kufundishia wakulima. Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha.

Watoto watatu wa mama mmoja, na kila mmoja akaota na bahati yake. Kituo cha afya kimekuwa hospitali ya Tumbi, ambayo abiria wengi wa Barabara ya Morogoro wanaijua kwa jina, maana majeruhi wa ajali za barabara hiyo hukimbizwa huko. Sekondari imekuwa Kibaha yenyewe. Jakaya Kikwete alisoma hapo kuanzia 1966 hadi 1969, na leo ni miongoni mwa shule za vipaji maalumu, ikipokea wavulana waliofaulu sana kutoka kila pembe ya nchi. Kituo cha wakulima kilikuja kuwa chuo cha wananchi. Mtu akikuambia "nilisoma Kibaha", humuulizi ni Kibaha ipi. Jibu moja tu limebaki kichwani mwetu.

Ninachokiona hapo ni hukumu iliyotolewa bila kikao. Sekondari humwita kijana kutoka Bukoba au Songea, na akishamaliza hana sababu ya kubaki Pwani. Chuo cha wananchi humpokea jirani, mtu wa Soga, wa Mlandizi, wa vijiji vya ndani, ambaye baada ya masomo atalala nyumbani kwake. Ukipima kwa idadi ya wakubwa waliotoka humo, sekondari imeshinda. Ukipima kwa kinachobaki katika eneo lenyewe jua likizama, hesabu inabadilika, lakini kipimo hicho hatujawahi kukitumia.

Turudi nyuma kidogo tuone jina lenyewe lilivyozaliwa. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya Watanzania wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Kufikia 1975 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 39. Hapo likazuka swali la kupendeza, ambalo nchi nyingi maskini hazikupata bahati ya kuulizwa: mama aliyejua kusoma akiwa na miaka arobaini, sasa asome nini, na akasomee wapi?

Nyerere na wenzake walitazama Skandinavia. Huko Denmark, katika karne ya 19, mchungaji na mshairi N. F. S. Grundtvig aliipiga vita shule ya Kilatini ya zama zake, iliyowafundisha vijana lugha ya vitabu vya zamani na kuwafanya wawaonee aibu wazazi wao wakulima. Alitaka shule ya watu wazima inayofundisha kwa lugha ya nyumbani, kwa mazungumzo, bila mitihani. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ilifuata mwaka 1868. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, Tanzania ikaanza kufungua vyuo vyake. Mpango ulikuwa mwepesi kueleza: kijiji kichague watu wake, wakae bwenini kwa muda, wajifunze ufundi, kilimo, siasa, hesabu na utamaduni, kisha warudi kijijini. Na yote hayo yafundishwe kwa Kiswahili.

Hapo kwenye Kiswahili ndipo ninapouona ujasiri. Kilatini cha Grundtvig sisi tunacho, na jina lake ni Kiingereza. Mtoto wa Kisarawe anamaliza darasa la saba akiweza kukueleza kwa ufasaha jinsi batobato inavyokunja majani ya muhogo na shamba lipi limepona. Anaingia kidato cha kwanza, analetewa muhogo huohuo kwa lugha nyingine, anakaa kimya. Baada ya miaka minne tunamwandikia kwenye karatasi kwamba hajui. Chuo cha wananchi kilikuwa, na bado ni, mojawapo ya sehemu chache baada ya shule ya msingi ambako mtu mzima anaruhusiwa kufikiri kwa lugha anayootea ndoto. Katika nchi inayojisifu kwa Kiswahili, sehemu hiyo tumeipa hadhi ya mwisho.

Neno la pili ni maendeleo. Wanasiasa wamelisugua hadi limepauka, lakini ndani yake bado kuna kitenzi kinachotembea: kwenda, kuendelea. Sikiliza kinavyotumika nyumbani. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, watu huulizana, "Ameendelea?" Aliyechaguliwa kwenda sekondari ameendelea. Asiyechaguliwa hajaendelea, hata kama kesho yake anaamka alfajiri na kulima ekari mbili. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, swali linarudi vilevile. Kitenzi kizima cha Kibantu kimebanwa kikabaki na maana moja ya kiofisi: kupita chujio.

Sasa weka hilo mbele ya kibao. Wale wanaosemwa mtaani kwamba hawakuendelea ndio waliojengewa chuo cha maendeleo. Ukisoma haraka unaweza kudhani ni kejeli. Ukisoma taratibu unaona aliyeandika alikuwa anabishana nasi. Alisema kuendelea ni kwa kila anayetembea, na kwamba kijiji kinaweza kuendelea na watu wake wote ndani, bila kusubiri wachache wapande basi kwenda mjini.

Mabishano hayo aliyashindwa. Katika sekondari niliyosoma, ambayo sitaitaja, mwalimu mmoja wa taaluma alikuwa na tishio alilolipenda. Darasa likipata alama mbaya alisimama mlangoni na kusema, "Endeleeni hivyohivyo, cherehani zinawasubiri." Tulicheka, na tuliogopa. Hakuhitaji kutaja jina la chuo. Kila mtu alijua cherehani ziko wapi. Mashine inayowavisha wanafunzi wote sare, mwalimu mwenyewe akiwemo na suruali yake iliyopindwa vizuri, ilikuwa imegeuzwa kuwa jehanamu ndogo ya waliofeli.

Kisarawe iliwahi kuwa na maneno mengine yaliyosikika kuliko ya kibao. Mwaka 2019, Jokate Mwegelo akiwa Mkuu wa Wilaya, ilianzishwa kampeni ya Tokomeza Zero, yenye lengo la kuondoa daraja sifuri katika matokeo ya kidato cha nne. Kwa haki ya kampeni hiyo, ilifanya jambo adimu: ilizifanya shule za wilaya ya pembezoni kuwa habari ya taifa, ikahamasisha harambee, ikawakumbusha wazazi kwamba mtoto wa Kisarawe anaweza. Sina ugomvi na juhudi. Nina swali kuhusu sarufi yake.

Kitenzi kutokomeza hutumika kwa malaria, ukeketaji, ujangili. Kinataka kitu kiovu mbele yake. Kwenye kaulimbiu, kitu hicho ni alama ya mtihani. Lakini mtaani ziro ni mtu. Tunasema "yule ziro", "alitoka na ziro", "nyumba ile ni maziro watupu". Kijana anapoisikia kaulimbiu akiwa na karatasi yake mfukoni, anaisikiaje? Na baada ya sifuri kutokomezwa, waliokuwa nayo wanakwenda wapi? Wilaya hiyohiyo ilikuwa na chuo cha wananchi, ambacho jina lake zima ni jibu la swali hilo tangu miaka ya 1970. Sentensi mbili zilisimama katika wilaya moja. Moja ilisema mtu huanza kupimwa pale alipoanguka. Nyingine ilisema mtu huanza pale alipo. Ya kwanza ndiyo iliyovuma.

Nafika kwenye neno la mwisho, ambalo ni zito kuliko yote. Aliyetafsiri neno la Waskandinavia angeweza kuandika "watu". Angeweza kuandika "umma", neno lililopendwa sana miaka ile. Aliandika "wananchi", wana wa nchi. Raia ni mtu wa sheria, ana kitambulisho na mipaka. Mwananchi ni mtoto wa nchi, na mtoto ana haki ya kurithi. Vijana wa leo tunalijua neno hili kwa njia mbili: kama jina la utani la Yanga, na katika ule utani mchungu wa vijiweni unaotenganisha wananchi na wenye nchi. Wenye nchi wanaamua, wananchi wanapigiwa vipaza sauti. Utani huo unaonyesha tunajua kabisa kwamba urithi haujagawanywa.

Uhakiki wa kweli hauwezi kuruka ubaya wa asili. Jina hili lilizaliwa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ambapo mamilioni ya watu walihamishiwa kwenye vijiji vipya, wengi kwa nguvu, wengine wakiziacha nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa nyuma yao. Nao pia waliitwa wananchi, na lile gari lililowabeba lilisemwa kuwa linawapeleka kwenye maendeleo. Kwa hiyo kijiji kilichotakiwa kuchagua wanafunzi wake kingeweza kuwa kijiji ambacho watu wake hawakuchagua kuwa hapo. Na ni rahisi kukisia ni nani waliosikika zaidi pale majina yalipopendekezwa: wenye viti na wenye ndugu kwenye kamati, wanaume kabla ya wanawake. Kiunganishi "ya" kilikuwa na utata tangu siku ya kwanza. Maendeleo ya wananchi yanaweza kuwa yale wanayoyafanya wenyewe. Yanaweza pia kuwa yale wanayofanyiwa. Kiswahili hakikulazimishi kuchagua, na Serikali haikuchagua.

Tazama pia vyuo vilivyohamishwa kutoka mkono hadi mkono. Vilianzia kwenye elimu, baadaye vikapelekwa kwenye wizara ya maendeleo ya jamii, na wakati wa Serikali ya Awamu ya Tano vikarudishwa Wizara ya Elimu. Ukiwa na jina mkononi unaona kilichotokea: kila wizara ilisoma neno lake. Wizara ya elimu husoma "chuo" na kuuliza mtaala, cheti, kiwango cha ufundi. Wizara ya maendeleo ya jamii husoma "maendeleo" na kuuliza miradi na vikundi. Neno la tatu halijawahi kupata wizara. Hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kuuliza chuo: je, waliotoka hapa wamekuwa wana wa nchi zaidi kuliko walivyoingia?

Sasa niwaeleze mtu mmoja aliyelisoma neno la tatu. Ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, wa kijiji kimoja cha Kisarawe. Mwaka 2018 akiwa kidato cha pili alipata ujauzito. Mwaka mmoja kabla, tarehe 22 Juni 2017, Rais John Magufuli alikuwa amesema hadharani Chalinze, mkoani kwetu Pwani, kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Kwa hiyo hapakuwa na kikao cha familia cha kujadili kama atarudi. Aliwekwa ndani. Kwa miezi mingi alikaa chumba cha nyuma kama mwali, isipokuwa huyu hapakuwa na ngoma iliyokuwa ikimsubiri nje.

Miaka kadhaa baadaye akasikia kwamba chuo cha wananchi kinapokea wanawake kama yeye, pamoja na watoto wao. Programu hiyo inaitwa Elimu Haina Mwisho na inaendeshwa na shirika la Karibu Tanzania kupitia vyuo hivi: msichana aliyekatizwa masomo husoma masomo ya sekondari, hujifunza ufundi na stadi za maisha, na mtoto wake huangaliwa palepale chuoni. Baba mdogo alikataa kwanza. "Akasome nini tena, na cherehani nitamnunulia mimi?" Hata baba, ambaye hakuwahi kukaa kwenye darasa letu, alikuwa na cherehani ileile kichwani. Mama mdogo ndiye aliyemfungia binti kanga za mtoto na kumpeleka stendi.

Alichagua umeme wa majumbani. Nilipomuuliza baadaye ni nini kilichokuwa tofauti na sekondari, nilitarajia aseme ufundi, au chakula, au kitanda cha mtoto. Alisema: "Dada, kule shule niliitwa wewe. Chuoni mwalimu aliniita kwa jina la mwanangu, mama fulani, halafu hapohapo akanipa hesabu ya sehemu nikaifanye ubaoni."

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko kitabu chochote nilichosoma kuhusu elimu ya watu wazima. Tangazo la Chalinze lilimfanya achague: ama mama, ama mwanafunzi. Mwalimu wa chuo alimpa yote mawili kwa pumzi moja. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini isisahaulike kwamba kabla mlango mkubwa haujafunguliwa, ule mdogo wa uani ulikuwa wazi, na waliokuwa wameufungua ni walimu wa vyuo ambavyo wenzao waliviita vya cherehani.

Hapa kuna jambo ambalo fasihi yetu inatudai. Kezilahabi alituandikia Rosa anayefika chuo cha ualimu katika Rosa Mistika, na Kazimoto wa Chuo Kikuu anayerudi kijijini na kichwa kilichojaa maswali katika Kichwamaji. Tunao walimu, wanafunzi wa Mlimani, makarani, waliosoma Ulaya. Katika riwaya nilizosoma sijakutana na mhusika mkuu aliyetoka chuo cha wananchi. Msomi katika hadithi zetu ni yule aliyeondoka, na msiba wake ni kwamba hawezi kurudi. Mtu aliyesoma na akabaki palepale hana riwaya. Labda tunadhani kubaki hakuna mgogoro.

Mdogo wangu angewacheka wanaodhani hivyo. Cheti chake kipo. Kazi za nyaya anapata mojamoja, nyingine ananyang'anywa na mafundi wanaume wanaomwambia mteja kwamba mwanamke ataogopa kupanda dari. Ukimpima kwa kipato, ofisa wa miradi angeandika "mafanikio ya wastani". Lakini kijiji chake, kama vingi vya Kisarawe vilivyo karibu na jiji, kiko katika biashara ya ardhi. Watu wanakuja na magari mazuri, mashamba ya mikorosho yanageuka viwanja, muhuri wa kijiji unapigwa. Kwa utaratibu, kila miezi mitatu mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Mdogo wangu huenda. Huenda na daftari. Anapoinua mkono, huuliza jambo moja tu: ardhi iliyouzwa robo hii ni ekari ngapi, na risiti iko wapi.

Somo hilo haliko kwenye cheti cha umeme. Hakuna kiwango cha ufundi kinacholipima. Alilipata, nadhani, pale bwenini, katika kubishana na wanawake wenzake usiku kwa lugha yao, na darasani, kwa kuitwa mtu mzima na kutarajiwa kujibu. Hilo ndilo Grundtvig alilokuwa akilitafuta, na ndilo lililo hatarini zaidi leo.

Hofu yangu ya mwisho ni hii. Miaka ya karibuni vyuo vimekarabatiwa, vimepata mashine, vimeingizwa zaidi katika mfumo wa vyeti vya ufundi. Haya ni mema. Paa lililovuja halimfundishi mtu uzalendo. Lakini chuo cha wananchi kikijipima kwa cheti pekee, kitakuwa chuo kidogo cha ufundi kinachoshindana na vyuo vikubwa vya VETA vyenye karakana bora, na kitashindwa. Kitakuwa kimeacha kitu pekee ambacho wengine hawana. Usiku wa mjadala, somo la uraia linalogusa ardhi ya kijiji, Kiswahili kisichoomba radhi, mlango usiouliza ulipata divisheni gani: hayo ndiyo wanayokata kwanza wanaobana bajeti, kwa kuwa hayana safu kwenye fomu ya tathmini.

Mhakiki hana bajeti ya kugawa. Ana usomaji tu. Usomaji wangu ni kwamba jina la kibao halijakosea, tumelikosea. "Ya" iliyo katikati bado iko wazi, na kila chuo kinaijaza upya kila muhula kwa jinsi kinavyomwita anayeingia. Anayetaka kujua Kisarawe wameijaza vipi asitazame matokeo ya mitihani. Asubiri mkutano mkuu wa kijiji, siku mapato na matumizi yanaposomwa, akae nyuma chini ya mwembe, ahesabu ni akina nani wanaoinua mikono.